Makusudio ya sharia hayakuanza jana wala juzi

Ndugu mhariri, asalaam alaykum. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, sio mwandishi, kwa hiyo nivumilie nikienda mbio au nikikata kona. Nimesoma ile makala kwenye gazeti lako kuhusu sharia na maslahi, nikasoma na barua za wasomaji zilizofuata, na kiukweli nimeshindwa kukaa kimya manake naona watu wanapigana ngumi gizani. Mwandishi anasema haya mambo ya makusudio ya sharia, yaani malengo ambayo hukumu za dini zimewekewa, maqasid wanavyoita wenyewe kwa Kiarabu, ni kitu kimeletwa juzi na wasomi wa suti ili dini ilegezwe legezwe mpaka iishe, kwake yeye fomu ya hukumu ikitimia basi. Waliomjibu nao wakaja na lao, eti dini ni lengo tu, ukishalijua lengo basi hizi hukumu ndogo ndogo sio za kushikiana roho. Mimi nasema pande zote mbili hazijafungua kitabu.

Nna sababu ya kusema hivo. Ujanani nilipokuwa nasoma usuli fiqhi, elimu ya misingi ya kutoa hukumu, nilikuwa na ugonjwa huohuo wa kundi la pili. Siku moja kwenye darsa nikanyoosha mkono kwa mbwembwe nikamwambia sheikh, si lengo la kafara ni mtu ajirudi, sasa kwanini tusimpe kila mtu ile itakayomuuma yeye? Sheikh hakunijibu. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa nguo, taratibuu, mpaka nikaanza kujuta, halafu akasema "haya, kumbe leo tunaye Yahya hapa". Wakubwa wakacheka, mimi sikuelewa kitu.

Yahya mwenyewe ni Yahya bin Yahya al-Laythi, mwanafunzi wa Imam Malik aliyerudi kwao Andalusia, Hispania ya Waislamu, akawa mufti wa kuogopwa, alifariki mwaka 234 Hijria. Amiri wa Cordoba wakati huo, Abd al-Rahman, alimwingilia kijakazi wake mchana wa Ramadhani, akajuta, akawaita mafakihi awaulize afanyeje. Yahya akawahi kabla ya wenzake: funga miezi miwili mfululizo. Wengine wakanyamaza, si unajua tena mbele ya wakubwa. Walipotoka nje ndo wakamkamata, vipi wewe, mbona hukumwambia kauli ya Malik kwamba mtu ana hiari, kuacha huru mtumwa au kufunga au kulisha masikini 60? Akawajibu, tukimfungulia huyu mlango huo itakuwa rahisi kwake kila siku kufanya lile na kuacha mtumwa, mimi nimembebesha lililo gumu ili asirudie.

Sheikh akatuuliza, fatwa tamu eh? Tukaitika wote, tamu sheikh. Basi akafungua kitabu cha al-Mustasfa cha Imam Ghazali akatusomea, na Ghazali amekitaja kisa hikihiki kama mfano wa maslahi BATILI. Hoja yake ni kwamba hilo ni maslahi yanayokwenda kinyume na andiko lenyewe, na ukifungua mlango huo basi mipaka yote ya sharia itabadilika kila hali ikibadilika, halafu watawala wakishajua kwamba maulamaa wanafanya hivo hawataamini tena fatwa hata moja, watasema huyu kanipikia yake. Hapo ndo nikakaa kimya. Na mimi leo naongeza swali ambalo siku ile halikunijia, yule mtumwa ambaye angeachwa huru, maslahi yake yeye yalikwenda wapi? Mufti alikuwa anamtazama amiri tu. Sisi sote darasani pia tulikuwa tunamtazama amiri tu.

Nimeanza na kisa hiki makusudi. Huyu Ghazali aliyemkatalia Yahya ndo huyohuyo aliyeweka ile orodha ya mambo matano ambayo leo kila mtu anaiimba, dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Alifariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111. Sasa mwandishi wetu anayesema kitu hiki ni cha juzi, miaka zaidi ya 900 ni juzi gani hiyo?

Tena hata Ghazali hakuanza yeye. Ukitaka mzizi rudi Madina. Watu walikuja mjini kutoka jangwani wakiwa na njaa wakati wa kuchinja, Mtume (s.a.w.) akakataza nyama za kuchinjwa zisiwekwe zaidi ya siku tatu, kinachobaki kitolewe sadaka. Baadae watu wakamlalamikia kwamba kukataza kwako nyama kumetubana, akawaambia niliwakataza kwa ajili ya wale waliokuja, basi kuleni, wekeni na toeni sadaka. Sababu imetajwa wazi, ikaondoka sababu hukumu ikaondoka nayo. Hiyo mimi naiona ni darasa la usuli zima ndani ya sentensi moja.

Halafu kuna yule mtu aliyepigwa jiwe akapasuka kichwa safarini, usiku akaota akawa na janaba, akawauliza wenzake mnaniona nna ruhusa ya kutayamamu, kujipaka udongo badala ya kuoga maji? Wakamjibu hatukuoni na ruhusa na maji yapo. Akaoga akafa. Habari ilipomfikia Mtume alisema wamemuua, Mwenyezi Mungu awaue, si wangeuliza kama hawajui, dawa ya kutojua ni kuuliza. Kaipokea Abu Dawud. Wale hawakuwa watu wabaya jamani, walikuwa wanashika andiko kama walivolijua, maji yapo basi oga. Kila nikisoma hii nawaza yule mgonjwa akijimwagia maji huku wenzake wamesimama wana uhakika.

Ila kile kisa cha swala ya Alasiri kwa kabila la Bani Quraydha, ambacho pande zote mbili kwenye gazeti lako zimekitumia, hicho mimi nashauri kiachwe kipumzike. Mtume aliwaambia asiswali mtu Alasiri ila kwa Bani Quraydha, wengine wakaswali njiani wakisema alitaka tufanye haraka tu, wengine wakangoja mpaka wamefika, na hakumlaumu yeyote. Sasa kila mwamba ngoma huvutia kwake, huyu anasema unaona lengo limeshinda, yule anasema unaona andiko limeshinda, na kisa chenyewe kimekataa kumpa mtu ushindi.

Na Sayyidna Umar mnamsingizia sana. Mwaka wa njaa kubwa, mwaka 18 Hijria, hakumkata mwizi mkono, basi watu wanasema Umar alifuta aya kwa maslahi. Hakufuta kitu! Mtu aliyeiba kwa njaa wakati watu wanakufa njaa hajatimiza masharti ya kukatwa, kuna shaka nzito na adhabu hizi huzuiwa kwa shaka. Alichofanya Umar ni kuisoma hukumu pamoja na masharti yake, na hiyo ni kazi ngumu zaidi kuliko kufuta.

Sasa baada ya masahaba, wanazuoni walikuwa wanatumia maslahi bila kulipa jina kubwa. Malik anajulikana kwa hilo, Abu Hanifa na istihsani yake, yaani kuchagua hukumu inayoonekana bora zaidi, Shafi'i akiwakemea wanaohukumu kwa kupendezewa tu. Waliokuja kuandika vitabu vya kwanini, mmoja wa mwanzo ni al-Hakim al-Tirmidhi katika karne ya 3 Hijria, sio yule Tirmidhi wa hadithi, watu huwachanganya, huyu aliandika kitabu kizima juu ya swala na makusudio yake. Akaja al-Qaffal al-Shashi, alifariki 365, akaandika juu ya uzuri wa sharia mlango kwa mlango. Akaja mwanafalsafa al-Amiri, aliyefariki 381, huyu akahesabu adhabu tano na kila moja inalinda kitu, na watafiti wengi wanaona ile hesabu ya tano ilianzia humo. Naomba msomaji alishike hili kidogo, kwamba orodha tunayoisoma leo kama tunu za maisha mwanzo wake ilikuwa imekaa jirani na milango ya adhabu. Ndo maana mpaka leo ina lugha ya kulinda na kuhifadhi, kama askari, haina lugha ya kujenga.

Na walikuwepo waliokataa kabisa. Ibn Hazm wa Cordoba, aliyefariki 456 Hijria, alisema Mungu haulizwi kwanini, hukumu ni tamko, hakuna kutafuta sababu nyuma ya tamko wala kiyasi, yaani kulipa jambo jipya hukumu ya linalofanana nalo. Simfuati lakini namheshimu, manake angalau yeye alikuwa na msimamo mmoja toka mwanzo wa kitabu mpaka mwisho, sio kama sisi tunaotafuta sababu tukitaka ruhusa na kulia andiko andiko tukitaka kumkataza jirani.

Mwalimu wa Ghazali alikuwa Juwayni, na huyu ndo naona hatajwi vya kutosha. Aliukimbia mji wa Nishapur kwa fitina za kisiasa akaishi akifundisha Makka na Madina, ndo akaitwa Imamu wa Haramu Mbili, yaani misikiti mitukufu ya miji hiyo, alifariki 478 Hijria, mwaka 1085. Yeye ndo alianza kupanga sababu za hukumu kwa ngazi, hii ni dharura, hii ni haja, hii ni ya kupendezesha, mpangilio ambao baadae ukawa ngazi tatu tunazozijua. Lakini kitu chake kilichonikosesha usingizi mimi ni kitabu alichomwandikia waziri Nizam al-Mulk, al-Ghiyathi, ambacho ndani yake anajiuliza, itakuwaje zama zikija hakuna mujtahidi, mwanazuoni wa kutoa hukumu mwenyewe toka kwenye maandiko, hata mmoja duniani, halafu zikija nyingine hata wanaokumbuka madhehebu hakuna, watu wataishije dini yao? Karne ya 11 hiyo, mji umejaa maulamaa, mtu anakaa anawaza siku watakayokwisha! Na hakuishia kuogopa, akajibu. Anasema watu watashika zile nguzo za jumla ambazo haziwezi kusahaulika, na anatoa mifano ya kujenga juu yake. Mmoja ni huu: haramu ikienea dunia nzima, hakuna chumo la halali la kukimbilia, je tuwaambie watu wale kiasi cha kutokufa tu kama mtu aliyekuta mzoga? Anasema hapana, watu wote wakila hivo miili italegea, kazi zitasimama, watakwisha. Basi wachukue kiasi cha haja yao, anasa waache. Haja ya watu wote inashika nafasi ya dharura ya mtu mmoja. Hebu niambie huyo ni msomi wa suti?

Turudi kwa Ghazali sasa. Ile orodha ya tano ameiweka wapi? Wengi hawajui, kaiweka ndani ya al-Mustasfa kwenye mlango wa dalili za kudhaniwa, zile ambazo watu huzidhani ni asili za sharia na yeye hazikubali kama asili inayojitegemea. Yaani anakuonesha hazina na papohapo anakuonyesha kufuli. Anasema maslahi ambayo andiko halikuyataja hayakubaliwi mpaka yawe ya dharura, yawe ya yakini na yawe ya wote. Anatoa mfano wa adui aliyejikinga na mateka Waislamu, tukiwaacha wataimaliza nchi nzima na mateka nao watauawa vilevile, hapo anasema kumpiga adui hata kama mateka watakufa inaweza kufikiriwa. Halafu anageuza: watu wako kwenye chombo kinazama, wakimtupa mmoja baharini wengine wanaokoka, wasipomtupa wanakufa wote. Wamtupe? Anasema hapana. Hao sio umma wote, ni idadi ya watu tu, na kura haimfanyi yule mmoja damu yake kuwa halali.

Nilisoma mfano huo usiku nikafunga kitabu. Hesabu ya kawaida inasema tisa ni wengi kuliko mmoja, bwana anakwambia sio hesabu. Wale wasomaji walioandika kwamba maslahi ni kuangalia wengi wananufaika nini, huyu hapa baba wa orodha yao anawakatalia wazi.

Baada yake yupo Izz al-Din bin Abd al-Salam, Sultani wa Maulamaa, alifariki 660 Hijria, mwaka 1262. Huyu anasema sharia yote ni maslahi, ama kuzuia baya ama kuleta jema, na anakwambia ukisikia Mungu anaita "enyi mlioamini" tulia usikilize kinachofuata, hutakosa kheri anayokuhimiza au shari anayokukataza. Kwenye kitabu chake cha kanuni ana mfano wa aliyefunga Ramadhani akaona mtu anazama na hawezi kumuokoa bila kufungua, afungue amuokoe. Na wakati wa swala unakatika na mtu anazama, okoa kwanza swala utailipa. Huku hakuna kulegeza, ni kupanga kipi kinatangulia kipi. Na kama kuna anayedhani mtu wa maslahi lazima awe mlainishaji wa wakubwa, Izz ndo yuleyule aliyewaambia maamiri wa Kimamluki wa Misri, makamanda walioletwa wakiwa watumwa, kwamba nyie kisheria bado ni watumwa wa hazina, hamna mamlaka mpaka muuzwe hadharani na pesa ziingie kwenye maslahi ya Waislamu, na wanahistoria wanaeleza waliuzwa kweli. Mufti gani leo angethubutu?

Mwanafunzi wake al-Qarafi wa Cairo, aliyefariki 684, akaleta tofauti moja ambayo naona ina thamani kuliko nusu ya orodha zote. Alisema Mtume alikuwa akisema mambo kwa kofia tofauti, mara kama mfikishaji na mufti, mara kama kadhi, mara kama kiongozi wa dola. Aliposema mwenye kuhuisha ardhi iliyokufa ni yake, je hiyo ni fatwa, kwa hiyo yeyote ahuishe bila kuomba ruhusa, au ni amri ya kiongozi, kwa hiyo uende kwa serikali kwanza? Abu Hanifa alisema ya pili, Malik na Shafi'i wakaelekea ya kwanza. Maneno ni yaleyale, kofia tu ndo imebadilika, na hukumu ya ardhi ikabadilika.

Al-Tufi nampitia haraka, wa madhehebu ya Hanbali, aliyefariki 716 Hijria, aliposherehesha hadithi ya "hakuna kudhuru wala kulipizana madhara" alikwenda mpaka akasema kwenye miamala, sio ibada, maslahi yakigongana na andiko yatangulizwe kwa njia ya kulifafanua. Wa siku hizi wanampenda sana huyu. Mimi nadhani alizidisha, na hakupata wafuasi wa maana kwa miaka mamia. Namwona Ibn al-Qayyim, aliyefariki 751, alisema vizuri zaidi na kwa utulivu, kwamba sharia yote ni uadilifu, yote ni rehema, yote ni hekima, na jambo likitoka kwenye uadilifu likaingia kwenye dhuluma basi sio sharia hata likiingizwa humo kwa tafsiri.

Ndo tunafika Granada kwa Imam Shatibi, aliyefariki 790 Hijria, 1388, karne moja na kidogo kabla mji wenyewe haujaanguka mwaka 1492. Hapa naomba nikae kidogo. Wote kabla yake makusudio yalikuwa mlango ndani ya mlango, yeye akayafanya ndo nyumba. Na alijibu lile swali ambalo mwandishi wetu angefaa aulize badala ya kulaumu, nalo ni hili, andiko gani linasema makusudio ni matano? Hakuna. Shatibi anasema sio andiko moja, ni kukusanya maandiko mengi yasiyohesabika toka milango tofauti mpaka yote yanaelekea upande mmoja na moyo unapata yakini. Anatoa mfano, umejuaje kwamba Ali alikuwa shujaa na Hatim alikuwa mkarimu? Sio kwa habari moja, ni kwa visa vingi ambavyo kila kimoja peke yake ungeweza kukitilia shaka.

Kingine alichofanya ni kugeuza kioo. Kabla yake swali lilikuwa Mungu amekusudia nini, Shatibi akauliza na wewe mja umekusudia nini? Kusudio lako sharti liende sambamba na lake. Mfano wake ni wa mtu mwenye mali, mwaka unakaribia kutimia zaka imfikie, anaitoa mali zawadi siku chache kabla, kwa makubaliano itarudi. Kwenye karatasi hana kosa, zawadi ni halali tena inapendeza, na zaka haimlazimu manake mwaka haujatimia mkononi mwake. Shatibi anamvua nguo. Zawadi imewekwa ili kumpunguzia mtu ubahili na kuvuta mapenzi baina ya watu, hii zawadi yako imeuongezea ubahili nguvu, basi hiyo sio ile zawadi iliyopendekezwa, zimefanana jina tu. Ona kazi ya makusudio hapo: yamekuja KUKAZA. Mwandishi wetu aliyesema makusudio kazi yake ni kulegeza, huyu mwenye mali wa Shatibi angempenda sana yeye na makala yake.

Kuhusu jina la kitabu kuna kisa kitamu ameeleza mwenyewe. Alikuwa amekipa jina jingine refu la siri za taklifu, yaani majukumu ya dini, sheikh wake mmoja akamwambia jana nimekuota una kitabu mkononi umekitunga, nikakuuliza jina lake ukaniambia al-Muwafaqat, maana yake mapatanisho, umepatanisha humo baina ya madhehebu ya Ibn al-Qasim, mwanafunzi wa Malik, na ya Abu Hanifa. Akabadilisha jina. Na ndani ya kitabu hichohicho ameweka onyo mlangoni, asikitazame mtu mpaka awe ameshiba elimu ya sharia, misingi na matawi yake, na asiwe mng'ang'anizi wa madhehebu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini siku hizi watu wanakivuta kwa mguu wakiwa wamesimama.

Halafu kitabu kikalala. Karibu miaka mia tano hakikuwa na sauti kubwa, mpaka kilipochapwa Tunis mwaka 1884, na Muhammad Abduh wa Misri akawa anawahimiza wanafunzi wake wakisome. Labda hili ndo limemchanganya mwandishi wetu, kitabu cha karne ya 14 kimeingia madukani mwisho wa karne ya 19 pamoja na reli na magazeti, basi kinaonekana kama mtoto wa magazeti.

Tunis hiyohiyo ndo alitoka Muhammad al-Tahir Ibn Ashur wa chuo cha Zaytuna, 1879 mpaka 1973, kitabu chake cha makusudio kilitoka 1946. Yeye alilalamika kwamba usuli fiqhi tumezigeuza kuwa kuchambua maneno, hazimalizi ugomvi, akataka makusudio yawe elimu yenye kusimama yenyewe, akaingiza humo maumbile ya mwanadamu, usawa, uhuru, na mpangilio mzima wa jamii. Ile tofauti ya kofia ya Qarafi akaitanua mpaka hali 12. Na mfano anaoutumia ni wa Barira. Barira alikuwa mjakazi akaachwa huru, akawa na haki ya kumuacha mumewe Mughith ambaye bado ni mtumwa, akamuacha. Mughith akawa anamfuata nyuma mitaani Madina, machozi yanatiririka kwenye ndevu. Mtume akamwonea huruma akamwambia Barira, si umrudie. Barira akauliza, ee Mtume wa Mwenyezi Mungu, unaniamrisha? Akasema hapana, mimi naombea tu. Akasema basi sina haja naye.

Mwanamke aliyetoka utumwani juzi, mbele ya Mtume, akatenganisha ombi na amri, na akakubaliwa. Usuli fiqhi nzima ya Qarafi imo kwenye swali lile moja la Barira. Nikisoma hapo huwa nacheka peke yangu.

Waliofuata ni wengi, Allal al-Fasi wa Morocco na kitabu chake cha 1963, al-Raysuni aliyemrudisha Shatibi kwa wanafunzi wa leo, Jasser Auda mwaka 2008 aliyetaka lugha ya kulinda igeuke kuwa lugha ya kukuza, akili isilindwe na pombe tu bali ikuzwe kwa elimu. Hilo la mwisho mimi naliunga mkono kwa sababu niliyotaja juu ya orodha kuzaliwa jirani na adhabu. Ila nakiri siku hizi orodha imevimba, kila semina inaongeza kusudio lake, na kitu kikishakuwa na makusudio 20 hakimkatazi mtu chochote.

Sasa namaliza na kitu cha leo, na hapa ndo nataka majibu. Mtu anataka pesa taslimu. Taasisi ya fedha inanunua shaba kwenye soko la mbali, inamuuzia kwa mkopo kwa bei ya juu, inamsainisha karatasi ya uwakala, halafu hiyohiyo inaiuza shaba kwa niaba yake kwa bei ya papohapo na kumwekea pesa kwenye akaunti. Shaba haijasogea hata hatua moja, mteja hajui hata iko ghala gani, na atalipa zaidi ya alichopokea. Inaitwa tawaruki iliyopangwa. Akademi ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikaa Sharjah mwaka 2009 ikasema haifai, ni hila ya kupata pesa sasa kwa pesa zaidi baadae, wakati ile tawaruki ya zamani, mtu ananunua kitu kweli kwa mkopo anakipokea anaenda kukiuza mwenyewe kwa mwingine, hiyo ikapita. Na pamoja na azimio hilo bidhaa hii bado inauzwa sehemu nyingi, na karatasi zake zina mihuri ya kamati za sharia.

Mwandishi wetu kwa kanuni yake ya "fomu ikitimia basi", ataiona ina kosa wapi? Kuuza kupo, kununua kupo, uwakala upo, saini zipo. Na nyie mliomjibu kwa "lengo likiwa jema basi", mteja huyu anataka pesa za kumtibu mtoto wake, nyie mtamzuia kwa lipi? Nimewaza wiki nzima na naona mtaipitisha wote, yule mkazaji na nyie walegezaji, mtakutana kwenye meza moja mnasainia karatasi moja. Mhariri, naomba mwandishi wenu anijibu hili kwenye toleo lijalo, na kama anaweza aanze na yule mwenye mali wa Shatibi aliyegawa zawadi siku chache kabla ya zaka.

Wenu msomaji, mwanafunzi wa usuli asiyehitimu